Kabla Hujatoa Mamilioni: Mwongozo Kamili wa Kupima Kama Saa ya Kifahari Inastahili Bei Yake

Karibu kila mwezi mtu hunifikia na saa mkononi akitaka nimwambie kama bei ilikuwa ya haki. Shida iko kwenye hiyo "ilikuwa". Pesa zimeshatoka, muuzaji hapokei simu, na kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, ni Jumamosi.

Wanakosea mahali palepale. Wanaanza na bei waliyoombwa, wanabishana ishuke, wakipunguziwa milioni moja wanaondoka kifua mbele. Kumbe saa yenyewe haifiki hata hiyo milioni waliyopunguziwa.

Hapa tunaanzia upande wa pili, kwenye bei ya kutokea, yaani kiasi ambacho mtu mwingine atakulipa wewe ukiamua kuiuza kesho. Ukishaijua hiyo, hesabu iliyobaki ni ndogo. Nimehesabu dola moja kwa shilingi 3,700 za Uganda ili mambo yawe mepesi. Wewe tumia kiwango cha siku yako.

## Vitu vya kuwa navyo

- Lupu ya kukuza mara 10, ile ambayo sonara na mafundi saa huibana kwenye jicho.
- Simu yenye dira, kamera nzuri, na apu ya kupima mwendo wa saa kwa kusikiliza mapigo yake kupitia maikrofoni. Zipo za bure.
- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu.
- Tochi ndogo yenye mwanga mweupe.
- Daftari. Picha za simu hupotea katikati ya picha za harusi.
- Fundi saa wako mwenyewe, asiyejuana na muuzaji, ambaye utamlipa kwa kukagua tu. Ukimlipa kwa ukaguzi, hana sababu ya kukutungia ugonjwa wa kutibu wala kukuficha ugonjwa uliopo.
- Siku tatu. Muuzaji asiyeweza kukupa siku tatu ameshakujibu.

## Hatua ya 1: Andika sababu kabla hujaiona saa

Sentensi moja inatosha: "Nataka zawadi ya baba mkwe," au "Nataka saa nitakayovaa kila siku miaka kumi," au "Nataka kuweka pesa mahali zisipooza." Hizi ni sababu tatu tofauti na saa zake hazifanani.

Kama sababu yako ni kujua wakati tu, unaweza kuishia hapa. Casio F-91W, ile ya plastiki inayojulikana duniani kote, kwa maelezo ya Casio wenyewe haipotezi zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, na betri yake hukaa takriban miaka 7. Saa ya springi (isiyotumia betri) yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa hadi sekunde 4 au kuwahi hadi sekunde 6 kwa *siku*. Zidisha 6 kwa siku 30, ni dakika tatu kwa mwezi, na bado cheti ni halali. Na kwetu sisi tunaohesabu saa tangu alfajiri, ya milioni 30 na ya elfu 80 zote zitaonyesha tisa pale tunaposema saa tatu asubuhi.

Utajua umefanikiwa ukiwa na sentensi ambayo hukuona haya kuiandika. "Nataka watu waone kuwa nimefika" ni sababu halali kabisa. Iandike hivyohivyo, maana itaamua mengi huko mbele.

## Hatua ya 2: Ipe saa jina lake kamili

"Omega" si jina la saa, ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo mmoja kuna saa ya dola elfu moja na ya dola elfu hamsini. Unachotafuta ni namba ya modeli, ambayo kwa kawaida iko kwenye kifuniko cha nyuma, kwenye kadi ya dhamana, au kwenye bodi (kasha la saa) katikati ya masikio yanayoshika mkanda.

Andika vitu vitano: chapa, namba ya modeli, mwaka, madini ya bodi, na aina ya mashine. Mashine ni ya betri, ya kutia ufunguo kwa mkono, au ya otomatiki inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wako.

Tahadhari: namba ya modeli na namba ya pekee ya saa ni vitu viwili. Ya kwanza saa nyingi huwa nayo, ya pili ni ya hiyo moja tu. Muuzaji akikataa kukuonyesha ya pili hata ukiwa umekaa mbele yake, simama, aga, nenda zako.

## Hatua ya 3: Pasua bei vipande vitatu

Hapa ndipo watu wengi huruka. Bei ya saa ya kifahari si kitu kimoja. Ni vipande vitatu vilivyofungwa kwenye boksi moja, na kila kipande kina namna yake ya kupimwa.

Kipande cha kwanza ni vitu na mashine. Hiki hupimika. Chuma cha pua cha saa nzima hakina thamani ya kukuumiza kichwa, hata kama ni kile cha 904L ambacho Rolex wanakitumia. Kioo cha yakuti, kisichokwaruzika kirahisi, leo kinapatikana hata kwenye saa za dola mia mbili. Dhahabu ndiyo inayobadilisha hesabu: karati 18 maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu halisi. Pata uzito wa bodi na mkanda bila mashine, zidisha kwa 0.75, kisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Hiyo ni sakafu. Saa halisi ya dhahabu haishuki chini yake hata jina lake likisahaulika.

Kwenye mashine, uliza imetengenezwa na nani. Mashine ya Sellita SW200 utaikuta kwenye saa za dola mia chache, na utaikuta pia, ikiwa imerekebishwa na kupewa jina jingine, kwenye saa za bei mara kadhaa ya hizo. Oris 733 imejengwa juu yake. Si wizi, mashine ni nzuri na fundi yeyote mzoefu anaijua. Ila usiuziwe kama siri ya mababu wa Uswisi.

Na maandishi ya "Swiss Made" yasikulevye. Sheria ya Uswisi, kwa kiwango kinachotumika tangu 2017, inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa itokane na Uswisi, mashine iwe ya Kiswisi, na saa ifungwe na kukaguliwa mwisho hukohuko. Asilimia iliyobaki inaweza kutoka kokote.

Kipande cha pili ni kazi ya mkono. Hiki huonekana kwa lupu na mara nyingi hulipiwa bila kuangaliwa. Tazama kingo za vipande vya mashine kupitia kioo cha nyuma, kama kipo. Kwenye kazi ya hali ya juu kingo zimekatwa mshazari na kung'arishwa hadi zinarudisha mwanga kama mstari mmoja, na pale kingo mbili zinapokutana kwa ndani kona ni kali. Kona hiyo ya ndani ni shida kwa mashine ya kukata, kwa sababu ncha inayozunguka huacha mviringo. Mtu amekaa na faili na kijiti akaimaliza. Ukiona kona za mviringo na mistari iliyopigwa kama bati la paa, kazi ni ya kiwanda, na bei ya kazi ya mkono haikuhusu.

Kipande cha tatu ni jina. Wenye hasira husema hiki ni upepo mtupu. Mimi sisemi hivyo. Oktoba 2017 huko New York saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwenye mnada wa Phillips kwa zaidi ya dola milioni 17. Chuma kilekile, mashine ileile kama za wenzake wa modeli hiyo ambazo hazijawahi kukaribia bei hiyo. Jina lina thamani pale tu mtu mwingine yuko tayari kulilipia baada yako. Vinginevyo umelipia matangazo, taa za duka na kiti cha ngozi ulichokalia ukinywa kahawa ya bure.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema, hata kwa makadirio: "Kati ya hizi milioni 18, tatu ni vitu na mashine, nne ni kazi, kumi na moja ni jina." Usisumbuke kuzipata kamili. Lengo ni kuona kipande kipi kinabeba mzigo, maana hicho ndicho utakachokipima katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Tafuta bei ya kutokea

Fungua masoko ya saa ya mtandaoni, kama Chrono24, uandike namba ya modeli. Usiandike jina tu. Utaona bei nyingi. Zote hizo ni bei za *kuomba*. Kuomba si kupata. Hata mimi ninaweza kuomba dola laki moja kwa kandambili.

Bei za kweli ni zile saa zilipouzwa. Nyumba za mnada, kama Phillips na Christie's, huchapisha matokeo yao. Kwa modeli za kawaida, chukua bei tano za chini kabisa za saa zilizo katika hali kama ya yako, zenye boksi na karatasi, upate wastani, kisha punguza asilimia 15 hadi 20. Makato hayo ni yangu, nimeyapata kwa kuuza na kuumia. Yanafidia ada, usafirishaji, na ukweli kwamba mnunuzi wako wa Kampala atataka kujadili bei.

Halafu jiulize: *nani atainunua kwangu hapa?* Chapa ambayo wajuzi wa Tokyo wanaipigania inaweza kukaa nawe mwaka mzima hapa Ntinda, Kampala, bila kuulizwa. Soko letu linajua majina machache, Rolex, Omega, TAG Heuer, labda Cartier na Breitling. Nje ya hapo bei ya kutokea iko ng'ambo, na kuifikia kuna gharama.

Tahadhari mbili.

Kwanza, usiamini kwamba "saa haishuki bei". Mwanzoni mwa 2022 bei za saa zilizotumika za Rolex, Patek Philippe na Audemars Piguet zilifika kileleni, kisha zikaporomoka. Walionunua wakati ule wakidhani ni shamba wamebaki na saa nzuri tu.

Pili, almasi za kubandikwa. Kuna saa ambazo mafundi wa nje ya kiwanda wamezipachika almasi kila mahali. Zinawaka ukumbini, lakini dhamana ya kiwanda hufa na mnunuzi makini hushusha bei badala ya kuipandisha. Almasi zilizowekwa na kiwanda chenyewe ni jambo jingine, na namba ya modeli itakuambia.

Utajua umefanikiwa ukiwa na tarakimu moja kwenye daftari, kwa shilingi, yenye mstari chini yake. Mfano: "Nikiiuza wiki ijayo: milioni 10.5."

## Hatua ya 5: Ikague mkononi

Hii ndiyo hatua ndefu. Ifanyie mahali penye mwanga na utulivu, ndani ya benki au kwenye mkahawa wa jumba la maduka kama Acacia. Si kwenye steji ya boda, wala ndani ya gari la muuzaji.

Nikuambie yangu kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua saa ya "kronografu ya Uswisi", yaani saa yenye stopwochi ndani yake, katika jengo moja la maduka mjini, kwa shilingi laki tisa. "Ssebo, hii si ya mchezo, imetoka Dubai," aliniambia muuzaji, nami nikaona Dubai ni cheti. Ilikuwa na vidude vitatu vidogo usoni kama stopwochi. Wiki moja baadaye nikabonyeza kitufe cha juu ili nipime muda wa wali jikoni. Hakikuanza kuhesabu chochote. Mshale mmoja mdogo uliruka kutoka Jumanne hadi Jumatano. Nilikuwa nimenunua kalenda. Bado iko kwenye droo, na kila ninapofungua mwongozo wa kukagua saa ninaitoa kwanza.

Kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu:

5.1 Bonyeza kila kinachobonyezeka. Kama ni kronografu, kitufe cha juu kianze na kusimamisha, cha chini kirudishe mishale yote kwenye sifuri *kamili*. Kifundo cha pembeni, kile cha kutia ufunguo na kurekebisha saa, kikaze na kufunguka bila kuuma.

5.2 Badilisha tarehe, lakini kwa wakati wake. Saa nyingi za springi huwa zimeshika meno ya tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Ukilazimisha tarehe kwa kifundo muda huo, meno yanaweza kuvunjika. Peleka mishale kwanza mahali panapoonyesha sita, ndipo ubadilishe. Kisha zungusha mbele uone kama tarehe inaruka karibu na usiku wa manane. Ikiruka mishale ikiwa mbali na 12, imefungwa vibaya na huenda mtu ameshafungua hii saa.

5.3 Tazama uso kwa lupu. Maandishi ya saa halisi ya daraja hili yana kingo kali kama yamekatwa kwa wembe. Ukiona wino umetambaa, herufi haziko usawa, au vumbi limenaswa ndani ya kioo, funga daftari.

5.4 Kama ni Rolex. Lenzi juu ya tarehe, kwa modeli zenye lenzi, hukuza mara 2.5, tarehe ijae kidirisha. Kwenye saa za kizazi cha sasa, pete ya ndani inayozunguka uso imechorwa jina la chapa kwa mzunguko, na namba ya pekee iko usawa wa sita. Karibu zote zina kifuniko cha nyuma cha chuma kisichoonyesha mashine. Zenye kioo nyuma ni chache mno, kwa hiyo ukionyeshwa "Submariner" yenye dirisha nyuma, cheka kwa adabu.

Na usidanganywe na mshale wa sekunde unaoteleza. Saa ya betri hupiga hatua moja kila sekunde, ya springi hupiga hatua sita au nane kwa sekunde ndiyo maana huonekana kuteleza. Watu husema "inateleza, ni orijino." Feki za leo nazo zina springi.

5.5 Pima uzito. Uzito wa modeli nyingi unapatikana mtandaoni. Kumbuka kuhesabu pingili za mkanda zilizotolewa. Tofauti ya gramu mbili ni kawaida. Ya gramu ishirini ni hadithi nyingine.

5.6 Angalia masikio ya bodi. Saa iliyosuguliwa mara nyingi ili ing'ae hupoteza kingo zake. Masikio huwa membamba na ya mviringo kama sabuni iliyotumika. Kung'aa kunakuvutia wewe, lakini kunashusha bei ya kutokea. Mikwaruzo ya uaminifu ni bora.

5.7 Mpelekee fundi wako aifungue. Hapa tunatafuta mambo mawili. La kwanza ni kama mashine ni ile iliyotajwa katika Hatua ya 2. La pili ni kama saa ni ya viraka: bodi ya moja, uso wa nyingine, mashine ya tatu. Beba picha za mashine halisi kwenye simu, uzilinganishe skrubu kwa skrubu. Zipo nakala za Kichina zinazoiga mashine ya Rolex kwa ukaribu wa kutisha, hivyo "fundi ameifungua akaona imeandikwa" si ushahidi.

Tahadhari: baada ya kufunguliwa, raba ya kuzuia maji lazima ipimwe au ibadilishwe. Maandishi ya "mita 30" hayamaanishi uzame mita 30, ni ya kunawa na mvua. Kwa kuogelea Entebbe tafuta 100 na kuendelea, raba ikiwa nzima.

5.8 Tafuta kama imeibiwa. The Watch Register ya London hukagua namba ya pekee dhidi ya orodha ya saa zilizoibiwa na kupotea, kwa ada. Ada hiyo si kitu mbele ya milioni 15.

Utajua umefanikiwa ikiwa vipengele vyote nane vina jibu kwenye daftari. "Sikuangalia" ni sawa na "hapana".

## Hatua ya 6: Pima mwendo kwa saa 24

Itie ufunguo hadi mwisho. Ilinganishe na saa ya simu, andika tofauti kwa sekunde. Iache usiku uso ukiangalia juu. Baada ya saa 24 linganisha tena.

Usitumie kipimo kimoja kwa saa zote. Rolex za sasa zinaahidi sekunde 2 mbele au nyuma kwa siku. Zenye cheti cha COSC, kuchelewa 4 hadi kuwahi 6. Seiko yenye mashine ya 4R36, kiwanda chenyewe kinaruhusu kuchelewa sekunde 35 hadi kuwahi 45, kwa hiyo ikiwahi 15 ishukuru.

Ikiwahi kwa dakika kadhaa, usikate tamaa haraka. Isogeze karibu na dira ya simu. Dira ikiyumba sana, saa imeshika sumaku, na springi yake nyembamba kama unywele inajigusa. Sumaku ziko kwenye spika, vifuniko vya simu na vibanio vya mikoba. Fundi huiondoa kwa dakika chache na kifaa cha bei rahisi. Nimeona mtu akiuza saa nzuri kwa hasara kwa sababu hii tu.

Kama si sumaku, mwambie fundi aiweke kwenye kipima mwendo chake na umuulize upana wa bembea ya gurudumu la mizani, lile linaloyumba kwenda na kurudi ndani ya saa. Ikiwa imejaa ufunguo na imelala, nyuzi 270 hadi 310 ni afya. Chini ya 220, mafuta yamekauka. Ongeza gharama ya sevisi kwenye bei.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya mwezi

Mali bila daftari huisha bila habari. Fomula ni hii:

(Bei ya kununua + sevisi − bei ya kutokea) ÷ miezi utakayokaa nayo

Mfano wa tarakimu za kubuni, kwa miaka mitano, saa moja ya chuma:

*Mpya kutoka dukani:* unanunua dola 5,000, sevisi 700, unaiuza 3,000. Umetumia 2,700. Gawa kwa miezi 60: dola 45, yaani shilingi 166,500 kwa mwezi.

*Ileile iliyotumika:* unanunua 3,300, sevisi 700, unaiuza 2,900. Umetumia 1,100. Ni kama dola 18.3, yaani shilingi 68,000 hivi kwa mwezi.

*Feki ya laki tatu na nusu* inayokufa baada ya mwaka na haiuziki: shilingi 29,000 kwa mwezi, pamoja na aibu mbele ya baba mkwe anayejua saa.

*Casio ya elfu 80* kwa miaka saba ya betri: chini ya shilingi 1,000.

Sasa rudi kwenye sentensi ya Hatua ya 1. Je, furaha ya kuivaa inafikia 68,000 kwa mwezi kwako? Mtu anayetumia zaidi ya hapo kwa nyama choma hana haki ya kukucheka ukisema ndiyo. Lakini ukiona 166,500 na moyo ukashtuka, mwili wako umekwisha kujibu. Maoni yangu, ukiyataka: kwa saa nyingi za kifahari *mpya*, bei haistahili kwa mtu wa kawaida. Kwa zilizotumika, zilizokaguliwa na zenye jina linalojulikana hapa, mara nyingi inastahili.

Tahadhari kwa wanaoagiza nje: ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, ambayo hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezewa ushuru. Wapigie URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) au wakala wa forodha *kabla* ya kuagiza. "Kuna mtu wangu uwanja wa ndege" si mpango wa fedha, na saa isiyo na karatasi za ushuru ni ngumu kuiuza kwa mtu makini.

## Hatua ya 8: Lipa kwa njia inayoacha nyayo

Lipa kwa benki. Noti kwenye bahasha hazina kumbukumbu. Ukinunua dukani, dai risiti ya EFRIS (mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki), kisha iangalie kwenye tovuti ya URA kabla hujatoka mlangoni. Kwa mtu binafsi, andikeni hati: majina, namba ya modeli, namba ya pekee, bei, na sentensi "muuzaji anathibitisha kuwa saa hii ni halisi na ni mali yake", pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Bila maandishi, utabaki kubishana maelezo yalikuwa yapi.

Kwa ununuzi wa mtandaoni, tumia malipo ambayo soko huyashikilia hadi saa ikufikie na uikague. Muuzaji akikuambia "tutoke nje ya soko tuokoe ada", anaokoa yake.

## Mwezi wa kwanza

Andika tofauti ya sekunde kila Jumapili. Ikibadilika ghafla baada ya kuanguka au kulowa, peleka mapema. Ukanda wa ngozi uupumzishe. Jasho la Kampala huuozesha haraka, na wa ziada wa mpira hugharimu kidogo. Kwenye foleni ya Jinja Road, dirisha likiwa wazi, mkono wenye saa ubaki ndani.

Zile pingili fundi alizotoa ili mkanda ukutoshe, zihesabu, zitie kwenye mfuko mdogo ndani ya boksi pamoja na kadi na risiti. Bila hizo, mnunuzi wako mwenye mkono mnene atakukata laki kadhaa.